Sauti Yako Ndani ya Gari la Baba

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba, najua umeshaniamkia moyoni. U hali gani? Kile kifua cha baridi kimetulia? Unakula? Sisi wazima. Mama miguu bado inavimba, lakini mdomo haujavimba, anatugombeza wote kama kawaida. Mimi ni mzima wa mwili tu, roho haitulii. Barua hii nimeianza, nikainuka kupanga vyombo vilivyokwisha kupangwa, nikarudi.

Unajua Mama husikiliza jumbe zako za sauti ndani ya gari la Baba, ninapompeleka kliniki. Kwenye simu anasema unaongea kama mbu. Basi naunganisha simu na redio ya gari, anaegemea, anakusikiliza njia nzima. Shida ilikuwa gari lenyewe. Barabara ile ni kokoto tupu, matairi yanavuma, milango inalia, spika zinakoroma. Kila sentensi yako Mama anauliza, "Kasemaje?" Nilichoka kuwa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili.

Nikalipeleka kwa fundi wa redio za magari, yule wanayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Mama akakataa kubaki nyumbani, akaketi pale gereji kwenye kiti kilichong'olewa, akisimamia kazi. Fundi alifungua milango, akang'oa viti na zulia, akabandika mpira mzito kwenye bati lote hadi sakafuni, akabadilisha raba za milango, akaziba matundu nyuma ya spika. Alitueleza kwamba bati tupu hurudisha sauti, ila kitambaa, sponji na mpira huinywa. Kabla hajaanza kubandika alipiga makofi ndani ya gari lile tupu, yakalia kweli kweli. Viti na zulia viliporudi akapiga tena, yakafa palepale. Mama naye akajaribu, akafurahi. Halafu akamwambia fundi kama mpira umebaki ajizibe nao mdomo.

Alhamisi tukaenda kliniki. Gari lilikuwa kimya hata nikawa nasikia bangili za Mama. Nikaweka ujumbe wako mpya, ule unaosema makochi yamefika, mapazia wifi kachagua mwenyewe, na mtoto kalala hapo pembeni yako. Ulisikika kama umeketi kiti cha nyuma. Mama alitabasamu mwanzoni. Kisha akataka nirudie. Akataka nisimame kando ya barabara, nizime injini, nirudie tena.

Akasema, "Hicho chumba hakina kitu."

Nilimbishia. Nilisema labda ulikuwa kwenye ngazi, labda bafuni. Hakubishana nami, akataka tu ule ujumbe wa mwezi wa pili, mtoto alipokuwa anaburuta kiti. Hapo sauti yako ni laini, imetua. Tukasikiliza za kuanzia mwezi wa nne: kila neno linakwenda ukutani na kurudi. Hakuna kochi wala pazia, sijui hata kama godoro lipo. Na wewe unavyopayuka vile, mtoto aliyelala pembeni yako mbona haamki?

Kliniki hatukufika. Mama alisema miguu haimuumi tena, nami nikageuza gari.

Tangu siku hiyo najiuliza na kujijibu. Labda mmehama. Labda kazi imekwisha ukaona haya. Labda wifi kaondoka na mtoto na kila kitu. Nikifua nguo nawaza hili, nikianika nawaza lile. Nimekasirika, sikufichi. Miezi yote hiyo unatupambia nyumba, nasi tunawatambia majirani kwa makochi yasiyokuwepo. Lakini nikifikiria kwamba unaongea na kuta, halafu unajilazimisha kucheka ili sisi tulale vizuri, hasira inaniisha naumia tu.

Mama hajanituma nikuulize. Ila jana ametoa magunia yote yaliyokuwa chumbani kwako, akafagia, akatandika kitanda, na hataki kuulizwa ni cha nani.

Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Usitutumie tena habari za mapazia, wala usiende kurekodi kwa jirani mwenye vitu. Kaa hapohapo ulipo, hata kama ni sakafuni, utuambie yaliyokupata. Aibu ya kwetu tutaibeba wenyewe, hatutaita watu waje kuitazama.

Mama Mkubwa anakusalimu, na Mjomba anauliza kama bado unakata nywele mwenyewe. Mungu akusimamie huko tusikoweza kukufikia kwa mkono.

Hapa ndipo huwa naandika, nisalimie wifi, mbusu mtoto. Kalamu imekaa hewani muda mrefu. Kama wapo, wasalimie. Kama hawapo, njoo nyumbani.

Wako akupendaye,
Dada yako.