Mzambarau Usioonekana

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa Jumba la Makumbusho. Chai ya maziwa, biskuti kwenye sahani, viti vinavyozunguka — nikajua wanataka kitu. Mkurugenzi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Wanachora upya mtaa wetu wa zamani, ule uliobomolewa kupisha maghala. Utawekwa kwenye kioo kikubwa ukumbini. Mtu akigusa nyumba, sauti itamsomea habari zake. Wanahitaji mzee wa kuwaambia nani alikaa wapi. Wazee wenye akili timamu wamebaki wachache, akasema, kisha akajishtukia akaongeza, "na wenye afya". Ufunguzi ni Jumamosi ya tarehe 22. Mfadhili ni kampuni ya maghala.

Yaani waliotuondoa ndio wanaogharimia kutukumbuka. Wana utaratibu, angalau.

Nimekabidhiwa kwa fundi wa kompyuta, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akanionyesha mtaa: miraba ya kahawia, barabara nyeupe, miti ya maduara ya kijani. Kisha akabonyeza mahali, picha ikageuka maandishi. Nilisogeza kiti. Kumbe mchoro wote ni maneno! Mstari mmoja, nyumba moja: chora mraba, uanzie hapa, upana huu, rangi hii. Wala si mtu aliyeyaandika. Programu imeisoma picha ya zamani iliyopigwa kutoka kwenye ndege, ikaandika yenyewe.

Nimesoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, nikiwinda makosa kabla ya kuchapwa, maisha yangu yote ya kazi. Hii ni mara ya kwanza naona picha inayoweza kusomewa prufu.

Fundi akasema kila mstari unaweza kuongezewa sifa. Zipo zinazotambulika na mashine, kama rangi na upana. Na zipo za kujitungia: unaanza na neno data, kistari, halafu neno lako mwenyewe. Mashine haijui maana yake, haiichori, ila haiitupi. Inaibeba tu.

Nikamwambia hata mimi nimebeba mengi kwa mtindo huo. Hakucheka. Alikuwa anatafuta chaja.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza. Fundi amenifungulia mchoro, nami naandika kwa kidole kimoja. data-mwenyeji: mshona viatu na mkewe. data-mwenyeji: mkunga. data-mwenyeji: yule kinyozi aliyekuwa na redio.

Jioni nikampigia Dada kuhakikisha. Kosa. Dada yangu ana miaka mitano zaidi yangu na hajawahi kuacha kuitumia.

"Nyumba ya kona haikuwa ya kinyozi," akasema. "Ilikuwa ya shemeji yake. Kinyozi alikuwa anakula tu pale."

Nikasema alikaa hapo miaka.

"Kukaa kwake ndiko kulikomkimbiza shemeji."

Nimewaandika wote wawili. Sifa hazina kikomo, Fundi amethibitisha.

Kisha Dada akauliza kama nimefika kwetu. Nikamwambia bado niko juu ya barabara. Akasema jicho la kulia limeshazimika, la kushoto daktari hasemi kitu, anaandika tu. "Mimi sihitaji kuona, mdogo wangu. Nipeleke siku hiyo niweke kidole nyumbani. Basi."

Ijumaa, 7 Machi

Vyote vimefutika.

Mkurugenzi alikuja jana akasema kahawia ile inahuzunisha. Ametaka kahawia yenye matumaini. Fundi akabadilisha rangi kwenye programu, programu ikachora mtaa upya, mtaa ukatoka mpya kabisa: nyumba zote zipo, watu hakuna. Mara ya pili hiyo.

Nilikaa nimeshika fimbo yangu. Fundi akaniuliza kwa upole niliandika wapi. Nikamwonyesha. "Mzee, umeandika kwenye kilichotoka. Ungeandika kwenye kinachotoa."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nilipokuwa kiwandani, kuna kijana alisahihisha kosa kwa kalamu kwenye karatasi iliyokwisha chapwa, akaacha herufi za risasi kwenye mtambo vilevile, kisha akashangaa nakala zote zilizofuata kuwa na kosa. Tulimcheka mwaka mzima. Leo ningependa kumwomba radhi, ila alishahama, na mimi pia.

Sasa naandika kwenye ukurasa ambao programu huusoma kabla ya kuchora. Nyumba inatoka pamoja na watu wake. Wachore upya watakavyo.

Mkurugenzi, kuanzia leo, humu ndani anaitwa Bwana Rangi.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha Kamati ya Sifa. Ipo kamati. Ina katibu.

Bwana Rangi alieleza kwamba sifa haziwezi kuachwa ziote kama nyasi. Zipo tatu rasmi: Aina, Ukubwa, Hali. Ya nne, wenyeji, itaruhusiwa "kwa majaribio". Mwakilishi wa kampuni ya maghala, kijana mwenye suti inayombana, akauliza kama neno wenyeji halina siasa. Wakapendekeza "watumiaji wa awali". Nikauliza kama mama yangu alikuwa mtumiaji wa awali wa jikoni lake. Katibu akaandika swali langu, nadhani kwa nia njema. Wenyeji wakapita.

Kuhusu Hali: unachagua Nzuri, Wastani, au Duni. Nikauliza nyumba iliyobomolewa ina hali gani.

Katibu akapekua orodha yake.

"Wastani," akasema Bwana Rangi.

Nyumba zote za mtaa wetu, kwa azimio la kamati, ziko katika hali ya wastani.

Jumatano, 12 Machi

Nimefika kwetu. Hatupo.

Nyumba ya mkunga ipo. Ya mwalimu wa hesabu ipo, na banda lake la kuku limepewa mraba wake. Kati yao pana duara kubwa la kijani. Mzambarau wetu. Ndege ilipopita juu, mti ulikuwa umefunika paa lote, na programu imechora ilichokiona — majani.

Nimeomba mraba mmoja mdogo. Fundi akasema anaweza kuuchora kwa sekunde moja, lakini kuna amri: kisichokuwa kwenye picha hakichorwi. Akaenda nami kwa Bwana Rangi. Alikuwa amepanga vipande vya rangi mezani kama mchuuzi wa vitambaa.

"Mzee wangu, picha haina upendeleo."

Nikamwambia nilizaliwa hapo, chini ya hilo jani.

"Sikatai. Lakini nikikuchorea wewe kwa maneno matupu, kesho atakuja mwingine aseme alikuwa na ghorofa."

Inaniuma kwamba hoja yake haina kasoro. Ningekuwa nasoma prufu yake, ningeipitisha.

Fundi ameniambia shida yenyewe kwa lugha ya kwao: sifa haielei hewani. Lazima iwe na umbo la kuning'inia. Bila umbo hakuna pa kumtundika mtu.

Dada kapiga simu. Nimefika wapi? Nikasema kwa mkunga. "Basi umefika mlangoni," akasema, na furaha yake nikaisikia hadi kwenye meno.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi alinisubiri mlangoni, miwani mkononi. "Mzee, mti si umbo?"

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaketi.

Mti ni umbo. Una mstari wake: duara, kitovu hapa, rangi ya kijani. Hakuna kamati iliyokataza mti kuwa na wenyeji.

Mama aliuchukia mzambarau ule kuliko mtu yeyote mtaani, na alikuwa na orodha. Ulimwagia nguo alizoanika kambani zambarau mbichi na mbivu, shuka zote za kwetu zilikuwa na madoa kama ramani. Kila mwaka alimwambia Baba aukate. Kila mwaka Baba alikwenda kuazima shoka akarudi na mazungumzo. Sasa mti ndio uliobaki kutuwekea nafasi.

Nimeandika, kuanzia na Baba: data-wenyeji: fundi saa, mkewe, mwana wao, binti yao. Nikaongeza ya pili, data-chini-yake: nyumba ya vyumba vitatu, jiko nyuma, bati jipya upande wa barabara. Kamati itaniuliza Hali. Nimeweka Wastani kabla hawajasema.

Fundi akagusa duara. Sauti ya kike iliyopoa ikatusoma, polepole, kama anayesoma majina ya waliofaulu. Nikamwomba arudie. Akarudia bila kuniangalia, jambo ambalo nitamshukuru siku moja.

Nimempigia Dada. Nimemwambia tupo. Sikusema tupo kwenye nini.

Jumatatu, 17 Machi

Miti inaondolewa.

Kijana wa suti ameona mchoro akasema mtaa unaonekana kama pori, na baya zaidi, duara la mti mmoja limepita juu ya nembo ya kampuni pale kona ya chini. Bwana Rangi naye akasema kijani hicho kinagombana na kahawia ya matumaini. Ametoa amri kwa maandishi, ana hati nzuri: miti yote isionekane.

Nimeenda ofisini kwake peke yangu. Nimesema kuna familia kwenye mti. Alinitazama kama mtu anayehesabu umri wangu.

"Mzee wangu, tunahifadhi makazi. Kivuli hatuhifadhi."

Nikamweleza Dada, jicho, kidole. Alisikiliza, kweli alisikiliza, akanimiminia chai. Kisha akasema atamwekea Dada kiti mstari wa mbele.

Kiti cha nini? Hataona kitu.

Nimerudi kwa miguu. Mkamwana ameuliza mbona sili. Nimesema nimeshiba biskuti.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kumuaga Fundi na kuchukua fimbo niliyoisahau jana. Alikuwa na amri ya Bwana Rangi mbele yake, kidole juu ya neno moja.

"Nisomee hapa, mzee. Wewe ndiye mtu wa prufu."

Nikasoma: isionekane.

"Hakuandika iondolewe."

Hakuandika.

Akanieleza. Kuna kulifuta umbo, na kuna kuliacha palepale ukaliondolea rangi hadi likawa wazi kabisa. Jicho halilioni. Ila mashine inajua lipo, na kidole kikipita juu yake, linaitika. Kazi aliyopewa ameimaliza tangu asubuhi, kama ilivyoandikwa. Kwenye kioo, kati ya mkunga na mwalimu wa hesabu, pana uwanja mtupu. Akashika mkono wangu akauweka hapo.

Fundi saa. Mkewe. Mwana wao.

"Amri nimeitekeleza," akasema, akarudi kwenye chaja yake.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika ukumbini, kwenye kiti cha mbao kando ya kioo. Kalamu ya kuazima.

Asubuhi Bwana Rangi alibadilisha kahawia kwa mara ya mwisho. Programu ikachora mtaa wote upya, na watu wote wakarudi nao, tukiwemo sisi. Hajui amefanya nini. Hotuba tatu. Kijana wa suti amesema kampuni imekuwa sehemu ya mtaa huu tangu mwanzo. Utepe ukakatwa.

Dada amevaa gauni la kijani, ananukia sabuni. Nilimshika mkono nikampeleka. Nikamwekea kidole pale patupu.

Sauti ikasoma. Dada hakusogea. Ikamaliza, ikaanza tena, maana kidole kilikuwa palepale. Machozi yalimtoka jicho lisiloona na lile linaloona kidogo.

Kisha akasema, kwa nguvu, mbele ya watu: "Mbona mimi wa mwisho? Mimi ndiye mkubwa."

Nikasema nimefuata alivyozoea kutuita Baba.

"Baba alikuwa anakosea, na wewe ndiye msahihishaji."

Mgeni rasmi, mama mmoja mpole, akasogea. Akauliza hawa ni nani wanaosomwa mahali pasipo na nyumba. Bwana Rangi akafika akitabasamu kwa meno tu, akasema ni hitilafu ndogo ya mitambo. Akamwomba Dada asogee kidogo.

"Sisogei. Miaka ile mlisema tusogee kidogo."

Mgeni rasmi amebaki amesimama. Nyuma yake watu wameanza kupanga foleni. Mzee mmoja nisiyemfahamu anapapasa kioo upande wa juu, mahali palipokuwa na miembe, kuona kama nako kuna mtu. Dada anamweleza mgeni kila chumba: hapa sebule, hapa jiko, hapa shuka zilipoharibika. Sauti ya mashine inampigia kibwagizo.

Bwana Rangi amemwambia Fundi azime. Fundi amejibu kwa adabu kwamba kwenye programu itachukua muda. Haraka ni kuchomoa waya. Waya uko wapi? Kwenye soketi ya ukutani, nyuma ya kiti cha mzee.

Ndipo nikaelewa kwa nini asubuhi aliniletea kiti hiki, na kwa nini alisisitiza nikae hapa.

Bwana Rangi amesimama mbele yangu sasa. Ameniomba niinuke, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila "wangu". Nimemwonyesha kalamu. Nimemwambia namalizia sentensi moja tu.

Ni ndefu.