Cheti cha Trekta na Tope la Chita

Mjukuu wangu Felista,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Lipangalala hatujambo. Mama yako anavuna mpunga, na shangazi yako amejifungua mapacha.

Unauliza kama kozi fupi ya kompyuta hapo Dar inastahili muda na ada. Mimi usichanani nilisomea udereva wa trekta, nikapeleka cheti kwenye shamba la mpunga kule Chita. Msimamizi alikisoma, akasema, "Haya binti, panda." Bila karatasi ile nisingepita getini.

Kabla ya adhuhuri nikakwama. Chuoni tulilima ardhi kavu tu. Magurudumu yalizama polepole kwenye tope, injini ikazimika, nikabaki nimekaa juu, maji yaking'aa pande zote kana kwamba mbingu imeshukia bondeni, yangeyange, wale ndege weupe, wakitembea kunizunguka. Sikulia. Hata nikiwa nimekwama, niliona nimefika nilikotaka kufika: juu ya trekta, shambani. Dereva mwenzangu akaja akicheka, maji magotini. "Karibu kazini, dada! Shuka tukate majani tuweke chini ya tairi."

Kasome, mama. Ila uliza kwanza kama kila mwanafunzi anapata kompyuta ya kushika mwenyewe. Na siku ya kwanza kazini ikikushinda, usione haya. Mwite aliye karibu.

Bibi yako,
Magdalena