Jembe la Papa kwenye mawe ya Goma

Mama mupenzi,

Umeamkaje huko kisiwani? Hapa Goma kanisa limetutuma sisi vijana tumulimie mujane mmoja wa mtaa wa Ndosho bustani. Nikainua jembe la Papa, nikapiga: ngaa! Chini ni mawe meusi ya volkano, na jembe limepinda (usimwambie bado). Mujane alicheka hadi akaketi. "Mutoto yangu, huku tunalimaka ndani ya mifuko!" Kweli, mboga zake za lengalenga zimeota ndani ya mifuko yenye udongo uliotoka Masisi. Nikamuuliza tumuletee nini kutoka kwetu, nikidhani atasema nanasi. Akaomba udongo.

Mama, ule unaoufagia kila asubuhi nyuma ya jiko, usiutupe. Unijazie gunia moja, uliweke kwenye boti.

Nakukumbatia sana,
Baraka wako