Fundo Lisilo na Mkia

Jumatatu, 1 Machi

Muhogo tena. Tangu saa kumi na mbili asubuhi niko kijitoni, maji magotini, natoa uliolowa na kutumbukiza mpya. Siku nne majini mpaka ulainike. Unanuka kuliko darasa la saba lililotoka kwenye gwaride. Mama Zaina ananicheka. Eti mgongo wangu ni wa chaki.

Kweli ni wa chaki. Niliomba likizo shuleni ninakofundisha, Bukoba, nikaone dunia: Goma, Kisangani, halafu boti hadi Kinshasa. Boti haina siku. Kwa hiyo wiki ya tatu sasa niko kwa Papa Asumani na mkewe Mama Zaina, nje ya Kisangani, njia ya Bengamisa. Nusu siku ya jembe, nao wananipa kitanda, lituma ya ndizi za kuponda na sombe ya majani ya muhogo. Nashiba. Sijawahi kulala vizuri hivi.

Papa hataki mbolea ya chumvichumvi hata kuisikia. Pumba za mpunga, mavi ya kuku, na magugu ya mtoni, yale wanayoyaita Congo ya sika, anayabeba kwa baiskeli mpaka hapa. Udongo, anasema, ni wa kulishwa, si wa kutibiwa.

Leo amenieleza mafundo. Muhogo mtamu uko karibu na nyumba, unapikwa papo hapo. Mchungu uko ukingoni, upande wa msitu, nguruwe wasipite. Huo bila kuloweka unaua. Kwa macho mgeni hawezi kuitofautisha. Basi upande wa mchungu kuna vijiti, na juu ya kila kimoja jani la mchikichi limefungwa fundo, mkia wake umeelekea msitu. Ni kwa ajili ya wezi. Nilidhani nimesikia vibaya. Anamwonya mwizi? Akasema: "Mwizi anakuya juu ya njala. Njala haiko kosa ya kufa."

Baba yake alifanya hivyo kule Maniema, na babu yake. Nimemwambia kwetu mwizi anapigwa. Akaendelea kupalilia.

Jumatano, 3 Machi

Wamekuja. Sajini na askari wanne wa kambi ya Kapalata, kwa lori. Saa nne asubuhi, jua linawaka. Naandika yote kabla sijaanza kuyapunguza.

Wakampiga mbuzi risasi kwanza. Alikuwa kafungwa kamba, angeweza kwenda wapi? Kisha wakakamata kuku. Papa akatoka, kofia mkononi, akawakaribisha, akaomba wamwachie kuku wawili wa mbegu. Wawili tu. Sajini akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno mawili yakatoka. Akiwa chini wakampiga mateke ya mbavu kwa zamu, bila hata hasira, kama watu wanaotwanga mpunga. Mama Zaina akamlalia juu. Wakampiga naye.

Nikapiga kelele. Nikasema kwetu Tanzania askari anaomba na kushukuru. Loo, mdomo wangu! Sajini akanizaba kofi, sikio bado linalia. Akacheka. "Ile iko kwenu. Huku iko Zaire."

Kabla ya kupanda lori akamwinamia Papa. Watarudi Jumamosi, saa za salongo, kuchukua muhogo. "Ile ya kupika mara moja. Mafundo yako tunaijua."

Salongo ni kazi ya lazima ya chama. Kila Jumamosi asubuhi watu wote barabarani kufyeka majani. Shamba litakuwa halina mtu. Wanaiba kwa ratiba.

Alhamisi, 4 Machi

Papa anakojoa damu. Amelala kifudifudi, hawezi ubavu wowote. Mama Zaina anamnywesha uji kwa kijiko, unatokea upande wa meno yaliyong'oka.

Nawachukia. Sijawahi kumchukia mtu hivi, hata mwanaume aliyeniacha. Nikifumba macho naona buti.

Nimelima tangu asubuhi mpaka viganja vimepasuka. Hasira haikutoka. Mama yangu alisema hasira zangu zitaniua. Waitu, labda zianze na wengine.

Ijumaa, 5 Machi

Nimefanya.

Papa kajikokota kwenda sala ya Ijumaa, Mama Zaina kamshika mkono. Nikabaki peke yangu. Saa saba mchana nimefungua mafundo yote ya upande wa msitu. Kumi na moja. Nikachoma vijiti vipya kwenye muhogo mtamu, huku karibu na nyumba, nikafunga majani juu yake.

Wataogopa mtamu. Watachimba mchungu. Watakula.

Nilikuwa naimba.

Najiandikia ukweli: sikutaka waharishe tu. Nilitaka sajini yule ajikunje chini ashike tumbo, aombe maji, asipewe. Nilitaka wafe. Nimeandika. Haya.

Jumamosi, 6 Machi

Jana walirudi giza limeingia na leo tumetoka kabla halijaisha, hawakuona vijiti. Salongo kuanzia saa moja. Mzee wa chama, beji kifuani, anatuhesabu na kutuimbisha nyimbo za kumsifu rais huku tunafyeka. Papa naye alilazimishwa, na mbavu zile. Alifyeka amepiga magoti.

Saa tatu lori lilitupita kwenda shambani. Saa tano likarudi limejaa magunia. Sajini alitupungia mkono. Nami nikampungia. Mama Zaina akanitazama.

Tulifika nyumbani saa saba. Upande wa msitu wamechimba kama nguruwe. Mtamu haujaguswa hata shina. Moyo wangu ulicheza ngoma. Nikasema Mungu mkubwa, tumebaki na chakula.

Papa hakufurahi. Alisimama mbele ya kijiti kimoja, akashika jani. Fundo lake lina mkia. Langu nililifunga kama tunavyofunga ndizi kwetu, halina. Akatazama la pili, la tatu. Halafu akanitazama mimi.

Nilitegemea matusi. Ningeyaweza. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Wameenda tangu saa ngapi?"

Nikamjibu saa tano. Akachukua baiskeli.

Sikuelewa. Nikadhani kachanganyikiwa. Mama Zaina ndiye aliyeelewa, akamkimbilia, akashika kiti cha nyuma, akalia: "Wale? Wale waliokuvunja meno?" Papa akamwondoa mkono taratibu. "Kule kambini kuko wanawake na watoto, Mama Zaina."

Wanawake na watoto. Sikuwa nimewafikiria. Wiki tatu hapa, nimeliona lori lile likishusha wake zao sokoni, na sikuwafikiria hata mara moja.

Alipanda baiskeli kwa shida. Akaanguka mara moja pale kwenye mchanga, akapanda tena. Jua bado lipo. Hajarudi.

Jumapili, 7 Machi

Hajarudi.

Mama Zaina hajaniuliza kitu. Anajua. Amenipikia, ameweka sahani mbele yangu, ameondoka. Afadhali angenitemea mate.

Jumatatu, 8 Machi

Wamekuja watatu, sajini hakuwemo. Walimwaga mafuta ya taa kwenye ghala, wakalichoma. Mpunga wote, mbegu za mahindi, lile rundo la samadi la Papa la miezi minane, hata hilo likashika moto, bado linafuka. Mimi na Mama Zaina walitulaza kifudifudi uani, wakatupiga mikanda, upande wa chuma. Nilihesabu hadi ishirini nikapoteza. Nimelowa damu mgongoni, gauni limegandana na ngozi, siwezi kulivua.

Watatu, lakini waliopiga walikuwa wawili. Wa tatu, koplo mwembamba, hakutugusa. Aliingia shambani akaanza kung'oa muhogo kwa mikono. Mchungu, mtamu, yote, shina kwa shina, anang'oa na kutupa. Analia kwa sauti. Anaita jina. Bolumbu. Anang'oa, anaita. Bolumbu.

Nikauliza, uso wangu kwenye mchanga, Bolumbu ni nani. Mmoja wa waliokuwa wanatupiga akaacha kidogo, anahema. "Mutoto yake. Wa miaka ine." Akaendelea kupiga.

Ilivyokuwa nimeipata kwao vipande vipande. Jumamosi, wanawake kambini walianza kumenya. Mtoto alilia njaa. Mama yake akampa kipande kibichi, akae kimya. Watu wazima waliuonja uliopikwa wakatema, ulikuwa mchungu. Mtoto hakutema. Mishahara haijafika tangu mwaka jana, mtoto wa njaa hatemi kitu. Papa alifika na baiskeli yake sufuria zikiwa bado mekoni, akapiga kelele mwaga, mwaga. Wakamwaga. Kambi nzima ilipona isipokuwa mtoto yule.

Wakamkamata Papa hapohapo. Amejuaje, kama si yeye aliyeweka sumu?

Nimeua mtoto. Nimeandika tena nione kama linaandikika. Nimeua mtoto.

Jumanne, 9 Machi

Tumekwenda Kapalata kwa miguu. Mama Zaina alikuwa na kuku mmoja aliyejificha msituni siku ile, na shuka safi.

Njiani niliamua. Nitasema ni mimi. Niliipanga sentensi kwa Kifaransa changu cha mgeni, fupi, isiyo na makosa. Nikaisema moyoni saa nne nzima.

Getini alikuwepo sajini mwenyewe. Kutoka ndani nikasikia mtu anapigwa. Sauti ya mzee. Haikuwa kelele, ilikuwa kama anakohoa kila wakipiga. Nikafungua mdomo.

Mama Zaina akanikanyaga. Kisigino kizima juu ya vidole vyangu, akakaza, huku anamtabasamia sajini na kumkabidhi kuku. Nikanyamaza.

Tulipofika mbali aliniambia, bila kunitazama. Ningesema, wangenichukua mimi, na Papa wasingemwacha. Wangekuwa na wawili wa kupiga. Tena angekuwa amepigwa siku tatu bure.

Ana haki. Lakini lazima niandike lililo kweli: kisigino kile kilinifurahisha. Nilikuwa naogopa. Nilinyamaza kwa woga na nikapata sababu nzuri. Mwanamke mwoga, muuaji. Mwalimu!

Alhamisi, 11 Machi

Wamemrudisha. Walimtupa toka kwenye lori bila kusimama.

Mikono. Waliiweka juu ya jiwe, wakaipiga vitako vya bunduki, mmoja baada ya mwingine, ili asifunge tena fundo la uongo. Sajini alimwambia hivyo. Vidole vimevimba vyeusi, havina umbo. Mama Zaina kavifunga vipande vya kitenge na vijiti vya mianzi. Nesi wa zahanati amekuja, akasema viwili labda vitakunjika.

Nilipiga magoti mbele yake. Nikasema yote, Kiswahili changu kikagoma, nikalia Kihaya. Alisubiri nimalize.

"Niliwaambia iko mukono yangu," akasema. "Shamba iko yangu, fundo iko yangu."

Nikamwambia mtoto alikuwa anaitwa Bolumbu. Akasema anajua. Alikuwa pale alipokufa. Akageuza uso ukutani, na mabega yakaanza kutikisika. Hakulia alipong'olewa meno.

Jumamosi, 13 Machi

Salongo. Nilikwenda kwa niaba ya Papa. Mzee wa chama alinihesabu kama mtu mmoja, akasema kuna pengo la mtu mmoja, nikafyeka sehemu mbili.

Boti imepata siku, inaondoka kesho. Nimeambiwa nafasi ipo.

Jumapili, 14 Machi

Boti imeondoka. Tuliisikia honi mpaka huku, au nimejidanganya, ni mbali.

Jumanne, 16 Machi

Mvua asubuhi, ikakatika. Udongo laini.

Mashina aliyoyang'oa koplo hayakufa yote. Mama Zaina ameyakatakata vipande vya mkono mmoja, mimi napanda. Mtamu nyumbani, mchungu ukingoni. Nimemuuliza kila kipande mara mbili. Hakuchoka kunijibu.

Koplo amepita barabarani kwa miguu, bila bunduki. Alisimama. Sisi tukasimama. Mama Zaina akamsalimu, naye akaitikia, akatazama shamba muda mrefu. Akaenda zake. Mimi sikuweza kumsalimu. Kuna siku nitamwambia. Leo sikuweza.

Papa ameletewa kiti, amekaa pale ukingoni, mikono yake miwili iko magotini ndani ya kitenge. Muhogo huu utakuwa chakula baada ya mwaka. Nilidhani mafundo yatasubiri. Hapana, anayataka leo, toka siku ya kupanda.

Nikachoma kijiti. Nikachukua jani la mchikichi, nikalizungusha kama alivyonielekeza, mara mbili, nikavuta.

Akatikisa kichwa. "Mukia."

Nikafungua. Nikafunga tena. Mkia ulitokea, lakini umeelekea nyumbani.

"Pori," akasema. "Ielekee pori. Mwizi anatokea kule."

Nikafungua. Vidole vyangu ni vizima vyote kumi na havijui kitu. Mara ya tatu likakaa. Papa akanielekeza mbele kwa kidevu. Nikachukua jani lingine, nikahamia kijiti cha pili. Yamebaki kumi.