Ratili Tatu za Kila Mzigo

Kirumba, Mwanza
Mwisho wa Julai

Kaka Salehe,

Shikamoo. Barua yako nimeipata Jumanne. Goti linaendeleaje? Kile kikohozi cha shemeji kimeisha, au bado anakificha mpaka wageni waondoke? Mimi ni mzima. Nimepungua, lakini si kwa ugonjwa, ni kwa kutembea na baiskeli. Huku pamba imeanza kununuliwa, vumbi ni jingi, na watu hawazungumzi jambo jingine ila Uhuru wa Desemba na bei ya pamba.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mtu wa miaka arobaini na mitatu aliyekula kwa kalamu muda wote anatafuta nini darasani. La pili, narudi lini Handeni nishike shamba, maana goti lako halikubali tena jembe. Nitajibu la kwanza, na la pili utaliona humo.

Mwaka jana niliandika gazetini habari ya kituo kimoja cha kununulia pamba kwenye njia ya Magu. Mkulima mmoja mwanamke, anaitwa Kabula, mjane, aliniambia mizani ya pale inampunja. Nilikaa pale nusu siku, nikamsikiliza, nikaandika, na jina lake nikaliweka. Wiki iliyofuata akaja mkaguzi na mawe ya chuma ya ratili mia mbili. Aliyaweka yote kwa pamoja, mizani ikasoma mia moja tisini na saba. Akasema tatu kwenye mia mbili ni upepo tu, mizani ni nzima. Karani wa kituo akanigeukia mbele ya foleni yote.

"Bwana mwandishi, umeandika mizani inapunja. Inapunja ratili ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimeandika neno "inapunja" bila namba nyuma yake. Gazeti likachapa sahihisho, mistari minne. Mimi nilichoumia ni jina kidogo. Kabula aliumia zaidi. Siku ya soko alinikuta mjini akaniambia hivi, na nakuandikia kama alivyosema:

"Mwandishi, walipokuuliza ngapi, ulinyamaza. Sasa kisimani naitwa Mama Mwongo. Shemeji yangu akinipita na mkokoteni wake ananiuliza kama hata kivuli changu kimepunjwa. Wewe ukiondoka hapa unaandika habari nyingine. Mimi msimu ujao nitapima wapi? Kituo ni kile kile."

Sikumwahidi kitu. Lakini niliacha gazeti. Chama cha ushirika cha wakulima kilikuwa kinafundisha wapimaji wake, na hapa mtu asiye na cheti cha upimaji haruhusiwi kuigusa mizani ya kituo, hata akiwa na hoja nzito kiasi gani. Nikajiandikisha. Chakula napata kwa kuwaandikia watu maombi na barua, usihofu.

Tulisoma alasiri ndani ya ghala karibu na ziwa, tumekaa juu ya marobota ya pamba. Tulikuwa wanaume ishirini na mmoja, wengi Wasukuma. Mwalimu ni Mhaya mwembamba, Mwalimu Kaijage, aliyefundisha shule ya kati miaka mingi. Hana haraka na hapandishi sauti. Somo la wiki ya kwanza lilikuwa vitu visivyobadilika ndani ya hesabu. Aliandika ubaoni: treni inatoka Tabora kuja Mwanza kwa mwendo usiobadilika wa maili ishirini kwa saa, baada ya saa tatu imekwenda maili ngapi?

Aliyekaa jirani yangu ni Maganga, mtu wa Misungwi, aliyeshika magunia vituoni miaka sita. Alipojua mimi ni Mzigua alinitangazia utani wa makabila yetu siku ile ile, na kumzuia haiwezekani. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, baada ya saa tatu treni hiyo bado ipo Tabora inapakia karanga."

"Treni yangu haipakii kitu."

"Na stesheni?"

"Haisimami."

"Dereva hali chakula?"

"Hali, Maganga."

"Basi huyo ni mchawi, na mimi simo."

Ghala zima lilicheka, na Mwalimu naye. Kisha akatuambia hajasema kuna treni ya namna hiyo. Ameushika mwendo usichezecheze ili tuone saa na maili zinavyofuatana. Ukiacha vitu vyote vibadilike kwa pamoja, alisema, hutajua nani kamsukuma nani. Hilo nililiandika, kwa sababu ndilo kosa nililolifanya kule njia ya Magu. Nilitazama wakulima, karani, magunia na kelele vyote kwa mara moja.

Baada ya hapo tukaingia kwenye springi, maana mizani za vituo vingi ni za springi. Springi ikiwa nzima, kila ratili unayoiongeza huivuta kwa kiasi kile kile. Kazi yako ni kukitafuta kiasi hicho. Siku ya mtihani nilipewa springi, rula na mawe ya chuma. Nikatundika ratili nne, urefu ukawa inchi nane. Ratili nane, inchi kumi. Ratili kumi na mbili, inchi kumi na mbili. Nikagawanya ratili kwa inchi: jibu la kwanza nusu, la pili sehemu nne katika tano, la tatu moja kamili. Majibu matatu, hakuna linalofanana na mwenzake. Nikaandika kwa wino, kwa mwandiko mzuri: "Springi hii ni mbovu."

Nikaanguka. Tulianguka saba.

Mwalimu alinirudishia karatasi akasema, "Umepima vizuri kuliko wote. Hesabu yako ndiyo iliyokosa." Akaendelea kugawa karatasi. Nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe nikiitazama ile karatasi, Maganga akaja, yeye amepita.

"Lete nione. Aa, Mzigua! Hapa umepima pamba pamoja na gunia."

"Gunia gani? Hii ni springi."

"Ikiwa tupu, haina kitu, urefu wake ulikuwa ngapi?"

"Inchi sita."

"Basi hilo ndilo gunia. Pale kituoni mkulima hata awe kipofu anapiga kelele, toa gunia! Wewe hukutoa. Umegawanya ratili kwa inchi zote, pamoja na zile sita ambazo springi ilizaliwa nazo. Nyinyi huko Handeni mnanunua nyama na mkia wa ng'ombe aliyebaki zizini."

Nikazitoa zile sita. Zikabaki inchi mbili, nne, sita. Nne kwa mbili ni mbili. Nane kwa nne ni mbili. Kumi na mbili kwa sita ni mbili. Ratili mbili kwa kila inchi, mara tatu mfululizo. Springi ilikuwa nzima tangu mwanzo, nami nilikuwa nimeitia ubovu kwa maandishi, kama vile mwaka jana nilivyoitia mizani wizi kwa maandishi. Sikufurahi, kaka, lakini njia ya hesabu niliishika.

Kulikuwa na wiki mbili kabla ya kurudia mtihani. Muuza samaki mmoja wa Kirumba alinipa springi ya mizani yake iliyovunjika, na dukani nikaazima mifuko ya chumvi ya ratili moja moja. Kila asubuhi niliitundika kwenye boriti ya baraza na kupima. Wapangaji wenzangu walidhani nimeanza uganga. Nilijaza daftari moja. Niliporudi kwenye mtihani nilipima kwanza urefu wa springi tupu kabla sijagusa jiwe lolote. Nimepita, na cheti ninacho.

Jumatatu iliyopita nikaenda kile kituo cha njia ya Magu, mimi na Maganga, na mawe ya chuma ya chama nyuma ya baiskeli. Foleni ilikuwa ndefu. Karani ni yule yule.

"Bwana mwandishi," akasema, "mwaka huu umekuja na habari gani?"

"Mwaka huu nimekuja na mawe."

Alisoma cheti mbele na nyuma, akasogea. Mizani ikiwa tupu mshale ulisimama sawasawa kwenye sifuri. Niliweka ratili kumi. Ikasoma saba. Ishirini, ikasoma kumi na saba. Hamsini, arobaini na saba. Mia, tisini na saba. Nikarudia tangu mwanzo, Maganga akisoma na mimi nikiandika, kisha tukabadilishana. Ni yale yale.

Sasa angalia, kaka. Mizani ile haikuwa ikila sehemu ya mzigo. Ilikuwa ikila ratili tatu, mzigo uwe mdogo au mkubwa. Mwenye mkokoteni analeta gunia la ratili mia na hamsini, akipoteza tatu hajui. Kabula hana mkokoteni. Anabeba kichwani ratili thelathini, maili nne, na kila safari ratili tatu kati ya hizo zinabaki pale, yaani moja katika kila kumi. Ndiyo maana yeye aliona na wanaume hawakuona, na ndiyo maana mkaguzi naye hakuona. Alipima mara moja tu, na kwa mzigo mzito.

Nikamwuliza karani kama kitanga cha mizani ni kile kile cha zamani. Akasema cha chuma kilipasuka msimu wa mwaka juzi, wakafunga ubao kwenye minyororo. Kile cha chuma kilikuwa bado nyuma ya ghala, kuku wanalalia mayai ndani yake. Tukawahamisha kuku. Maganga alikuwa na mizani yake ndogo ya mkono, tukavitundika kimoja kimoja. Kitanga cha chuma kilikuwa ratili nane, ubao ratili tano. Mizani ilitengenezwa kwa ajili ya kile cha nane. Ubao ulipofungwa, mshale ulitaka kurudi nyuma ya sifuri, ila pale kwenye sifuri kuna kijiti cha chuma kinachouzuia. Kwa hiyo ikiwa tupu inaonekana safi. Mzigo wowote lazima kwanza uzilipe zile tatu ndipo mshale uanze kusogea.

Karani aliapa kwamba hakujua. Huenda ni kweli. Sikuandika wizi wala uzembe. Niliandika mizigo minne, namba nne za mshale, uzito wa vitanga viwili, naye akaweka sahihi chini. Kisha nikasoma karatasi kwa sauti mbele ya foleni, Maganga akirudia kwa Kisukuma.

Kabula alikuwa wa tano kwenye foleni, mzigo bado uko kichwani. Hakuushusha. Shemeji yake, yule wa mkokoteni, alikuwa mbele yake. Akageuka.

"Shemeji, mimi nilikucheka."

"Ulicheka kwa sababu una ng'ombe wa kuvuta."

"Nilikosea."

"Niambie hivyo kisimani, mbele ya wale wale."

Akaitikia. Ndipo Kabula akaushusha mzigo, akaniuliza, "Tatu kila safari?"

"Tatu kila safari, Mayu." Ndivyo wanavyomwita mama huku.

"Mwaka jana nilikwenda safari kumi na nne." Akahesabu kwa vidole, akarudia. Mimi nilishaipata arobaini na mbili, nikamwachia, maana hesabu ilikuwa yake. "Basi safari moja nzima nilibeba bure. Na nyingine nikabeba bure mpaka darajani."

Nimepiga hesabu kwenye daftari: ukitoa thelathini zinabaki kumi na mbili, nazo ni sehemu mbili katika tano za mzigo, kama maili moja na nusu na kidogo katika nne. Kutoka kwake hadi darajani ni hivyo hivyo. Hakukosea.

Kitanga cha ubao kikafungwa chuma kidogo chini yake kujaza zile ratili tatu, tukapima tena: kumi kwa kumi, hamsini kwa hamsini. Mzigo wake ulikuwa wa kwanza kuwekwa, watu wenyewe ndio waliompisha. Mshale ulifika thelathini na moja. Za mwaka jana nimemwandikia dai kwa chama, na nakala ninayo. Sijui watajibu nini.

Kwa hiyo jibu lako la pili ni hili. Sirudi mwaka huu. Chama kimenipa vituo kumi na kimoja, kuanzia njia ya Magu mpaka upande wa ziwa, na vitatu kati yake nimeambiwa vimebadilishwa vitanga. Huko nako wapo wanaobeba kichwani. Najua goti lako halitangoji mizani za Wasukuma. Mpe binamu yetu Hamisi sehemu yangu ya shamba alime kwa misimu miwili, mavuno yawe yenu, mimi sidai hata gunzi. Kama ukiona haiwezekani, niandikie wazi, nitakusikiliza. Lakini usiniandikie kwamba mimi ni mzee wa kusoma, hilo tumeshalipima.

Nisalimie mama mdogo, umwambie dawa ya macho nimempa dereva wa lori la Korogwe. Nisalimie shemeji, na shangazi Mwanaidi aliyenifundisha kuhesabu kwa kokwa za maembe. Binti yako Zaina, kama bado anataka ualimu, mwambie asiruke hesabu. Na Imamu wetu, kwa dua zake.

Kesho alfajiri naanza kituo cha pili, na baiskeli haina breki ya nyuma.

Mdogo wako,
Athumani