Kitenge kwa Wenye Nyumba

Jumamosi, Merrylands. Baridi kavu, jua limetoka lakini halina kazi. Leo ni siku ya sita tangu turudi kutoka Uingereza, na tumbo langu bado halijui saa ya chakula.

Shajara, nina jambo la kukiri, nami nitalieleza kwa utaratibu.

Nimeishi miaka minne hapa ughaibuni katika nyumba ya mwanangu Elia na mkewe, Furaha. Mimi ni mwalimu mstaafu kutoka Tanga. Furaha ni mtu wa Bukavu, anahudumia wazee katika makao yaliyo karibu na Westmead. Sikumchukia, nilimsahihisha. Nilisahihisha usemi wake, yaani "batu" badala ya "watu", wali wake, hata namna anavyowapokea wageni. Mwezi wa pili mwaka huu nilijaza fomu ya kuomba nyumba ya peke yangu Campbelltown, safari ndefu ya treni kutoka hapa. Sikumwambia mtu. Ilibaki kutia sahihi tu.

Kitu pekee tulichoshiriki ni tamthilia ya Waingereza wa kale, yenye magari ya farasi na barua za lakiri. Kila Jumapili baada ya ibada tuliketi na kutazama, kimya. Furaha alikuwa ameweka akiba ili aende kuyaona majumba yenyewe. Elia aliponyimwa likizo, akaniomba mimi niandamane na mkewe. Nilikubali kwa ajili ya majumba, si kwa ajili yake.

Mji wa kwanza ulitushangaza. Duka la mikate la kwenye tamthilia ni kliniki ya meno. Lango la kasri liko pale, lakini ngazi zake ziko katika kasri jingine, mwendo wa saa tatu kwa basi. Furaha alisimama katikati ya barabara ya mawe akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, batu hawa walitudanganya vizuri!"

Siku ya tatu tulifika kwenye jumba kubwa lenyewe. Mlangoni, Furaha akatoa mkobani kitenge kipya kilichofungwa utepe. Nikamuuliza ni cha nani.

"Cha wenye nyumba. Hatuwezi kuingia kwa batu mikono mitupu."

"Furaha, tumelipa kiingilio. Hapa ni kama makumbusho."

"Kuna mutu analala hapa?"

Nikamjibu kwamba, kwa mujibu wa kijitabu, familia bado inaishi ghorofani.

"Donc, basi, ni kwa batu."

Niliona aibu. Nilitangulia hatua kumi, kana kwamba simjui. Naliandika hili ili nisije nikalikana.

Katika ukumbi wa chakula aliketi mzee wa kujitolea, akilinda meza ndefu. Wageni walimpita wakiuliza mwigizaji fulani alisimama wapi, wakapiga picha, wakaenda. Furaha alimkabidhi kitenge kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaomba wenye nyumba wasalimiwe.

Mzee akasimama. Alikipokea kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Akasema amekaa kwenye kiti kile miaka kumi na mmoja, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kama wenye nyumba hawajambo. Bibi wa jumba ni mgonjwa. Akasema atampelekea kitenge yeye mwenyewe. Kisha akanigeukia na kuniuliza kama huyu ni binti yangu.

Nimefundisha watoto adabu miaka thelathini na minne. Zawadi ya kubeba sikuikumbuka.

Nilisema ndiyo.

Furaha alisikia.

Leo asubuhi tulikuwa tukikunja nguo. Akaniuliza bila kuinua macho:

"Mama, ile fomu ya Campbelltown, umeituma?"

Nikamuuliza aliijua tangu lini.

"Tangu mwezi wa pili. Nilikuwa napangusa meza yako."

"Na bado ukanichukua Uingereza?"

"Ningeenda na nani? Elia analala tamthilia ikianza tu." Akanyoosha shuka, akanipa pembe mbili nizishike. "Nilisema moyoni, tutembee kwanza. Kama ni kuenda, uende ukiwa unanijua."

Nilizishika pembe, tukakunja.

Amekwenda zamu, atarudi saa kumi jioni. Fomu iko hapa mezani, haina sahihi, na haitapata. Ningeweza kuichana sasa hivi, lakini nataka aione ikichanika kwa macho yake.

Hilo ni jepesi. Zito ni neno "samahani", ambalo sijapata kumwambia mtu mdogo kwangu, hata wanangu wa kuwazaa. Nimelijaribu mara mbili mbele ya birika. Sauti ilitoka kama ya mwalimu anayeita mahudhurio.

Nitalijaribu tena. Je, nitaweza kulisema kabla hajavua viatu?