Uchungu wa Msesewa

Mjukuu wangu Aika,

Shikamoo yako imefika salama, marahaba mwanangu. Huku Old Moshi mvua imetukubali, migomba imezaa, na babu yako amerudi kwenye kahawa yake ingawa goti bado linamsumbua.

Unasema huko maabara mnabadilisha vimeng'enya, vile vitu vidogo vinavyoupikia mmea kemikali zake, ili vitengeneze dawa iliyomo kwenye gome la msesewa kwa namna mpya, isiyomdhuru mgonjwa. Halafu unaniuliza kama mnamharibia Mungu mti wake. Naona jambo hili linakunyima usingizi.

Nikiwa msichana, kaka yangu alimwoa Paulina wa Marangu. Mbege yake ya kwanza kwetu, pombe ya ndizi na ulezi, aliitia gome la msesewa kwa kipimo cha kwao, kumbe mti wetu ulikuwa mchungu zaidi. Baba alionja, akaweka kata chini taratibu. Paulina akainamisha kichwa.

Mama akamkalisha karibu naye jikoni. "Mti hauna kosa, wala wewe huna," alimwambia. "Lete gome jingine, tupunguze." Wakapika, wakaonja, wakamwaga, wakapika tena, mpaka siku Baba alipomaliza kata na kuomba nyingine.

Asubuhi hii nimeupitia mti ule ule, pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Nimebandua kipande kidogo, nikakitafuna. Ni mchungu vilevile, Aika. Hakuna mlichouharibia.

Bibi yako, ambaye hata chai haijamtoa uchungu mdomoni.